Maziwa ya Degre Mia

Serikali ya wakati ule ilikuwa na akili nyingi, mimi sikatai. Ilijua kuhesabu nyumba zetu na mashimo ya vyoo vyetu, ilijua hata maziwa yanapaswa kuwa na moto kiasi gani kabla mutoto hajayanywa. Kitu kimoja tu kiliipita, kwamba Masisi iko juu ya milima. Lakini hicho ni kitu kidogo, na wakubwa wana kazi nyingi.

Mimi ni Epiphanie. Mwaka wa 1948 nilikuwa mupishi wa dispanseri kwenye kilima cha juu kabisa upande wa Masisi, pale ambapo ukungu unaingia nyumbani asubuhi bila kupiga hodi. Watu wangu ni wakulima wa maharagi na viazi, tuko pale tangu zamani. Ng'ambo ya bonde walikaa wafugaji. Sisi tuliwacheka kwa sababu waliwapa ng'ombe majina mazuri kuliko ya watoto wao, wao walitucheka kwa sababu nguo zetu zilinuka moshi wa maharagi. Siku ya Yenga tulikaa kanisa moja, kila muntu kwa benchi lake, tukaimba pamoja kwa sauti nzuri sana.

Mwaka ule mulima wa moto ulipasuka upande wa Sake. Moto ulishuka polepole kama muntu mwenye kwenda soko bila kitu cha kuuza, ukakata barabara ya Goma, ukaingia ziwani. Watu walisema samaki walitoka majini wakiwa wameiva, wanangojea chumvi tu. Wenzetu wa Sake walipata maajabu ya kusimulia. Sisi tulipata kamio za mizigo ambazo hazikufika tena, na pamoja nazo chumvi, sabuni, na maziwa ya mukebe ya watoto wa dispanseri.

Na katika siku zile zile njo Emérita, binti wa Mama Rosalie, alizaa mutoto kabla ya wakati wake, akafa. Alikuwa rafiki yangu, ingawa ni wa ng'ambo. Nilimufunga macho mimi mwenyewe. Mutoto alikuwa wa kiume, mudogo, anaenea katika kofia, na wakamwita Semana.

Hapo sheria zikaamka. Ya kwanza ilisema mutoto aliyezaliwa hivyo hatoki dispanseri kabla hajafika kilo tatu. Ni sheria nzuri. Ya pili ilikuja kwa sirkilere, karatasi iliyopigwa mashini, ikasema kwamba wakati maziwa ya mukebe yamekosekana, mutoto apewe maziwa ya ng'ombe, lakini yafikishwe kwanza kwenye moto wa degre mia, na infirmie, muuguzi wa dispanseri, aone kwa macho yake termometre inasema mia. Hiyo nayo ni nzuri. Wanawake wenye kunyonyesha walijitolea, mimi nilileta watatu mpaka mulangoni. Bwana Sanitere akajibu kwamba matiti yao hayana cheti.

Bwana Sanitere alikuwa muzungu wa usafi wa eneo letu. Jina lake halisi tulimuachia mama yake. Alikuwa na gari la jipu, kofia nyeupe, na Kiswahili cha amri peke yake, yaani alijua kusema lete, ondoa, funga, chemsha, lakini hakujua kusema pole. Kila kilima alichofika alianza kwa kunusa.

Sasa sikilizeni shida ya Mama Rosalie, maana ninyi wa leo mnachemsha maziwa na kuimba. Kwa wafugaji wa wakati ule, maziwa hayawekwi motoni. Kabisa. Ukichemsha maziwa ya ng'ombe, ng'ombe anaumia kiwele, anakauka. Haikuwa hadithi ya kutisha watoto, ilikuwa kama vile wewe unavyojua kwamba ukimwaga mafuta utateleza. Mama Rosalie alikuwa mujane, na alikuwa na ng'ombe mumoja tu, wa rangi ya udongo, jina lake Gaju. Kwa Gaju alipata maziwa ya kunywa, siagi ya kujipaka, na heshima ya kuitwa muntu mwenye ng'ombe.

Alikuja jikoni kwangu siku ya kwanza akabeba chombo chake cha muti, kile chembamba chenye kifuniko cha kusuka, amekikumbatia kifuani. Akasimama mulangoni. Hakuwa ameingia jiko la mukulima maisha yake yote.

"Epiphanie," akasema, "nasikia munataka kuyapika."

"Ni sheria, Mama."

"Uko na sufuria?"

"Iko."

Akamimina mwenyewe. Mimi, kwa sababu nina mudomo, nilitaka kumutania kidogo, lakini nilimuangalia nikachochea moto. Maziwa yakaanza kupanda. Akageuka akatazama ukuta.

Yakachemka, yakafura, yakamwagika kwa majivu. Nikamwita Viateur.

Viateur alikuwa infirmie wetu, amesoma, anavaa kaptula nyeupe yenye mukunjo unaoweza kukata mukate. Akaingiza termometre, akangoja, akainama, akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena.

"Tisaini na mbili," akasema.

"Ngoja ipande," nikamuambia.

Tukangoja. Niliongeza kuni. Maziwa yaliruka juu kama yamesikia habari mbaya, nusu yakaisha motoni, na termometre ikakaa pale pale, tisaini na mbili. Viateur akachukua sufuria akatoka nje, akamwaga kwa majani, polepole, mbele ya Mama Rosalie.

"Pole, Mama," akasema. "Degre nane zinakosa."

Mjukuu wangu anayesoma sekondari amenieleza jambo hili mara nyingi, na kila mara ananieleza kama ni yeye aliyelitengeneza. Anasema hewa ina uzito. Chini kwenye bahari hewa ni nyingi, inakandamiza maji, maji yanangoja mpaka degre mia ndipo yachemke. Ukipanda mulima hewa inapungua, maji hayana wa kuyakandamiza, yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Unaweza kuweka chini yake msitu muzima, hayatapita pale. Njo maana maharagi ya kwetu yanaiva jioni wakati uliyaweka asubuhi. Sisi tulifikiri ni tabia ya maharagi.

Lakini mwaka ule hakuna aliyejua, ao aliyejua hakuwa kwenye kilima chetu. Kila asubuhi Mama Rosalie alivuka bonde na chombo chake. Kila asubuhi tulipika, termometre ikasema tisaini na mbili, na Viateur akamwaga. Majani ya pale mulangoni yalinenepa vizuri sana. Mutoto tulimupa maji ya muchele na sukari kidogo, na alikuwa anakonda. Mwanzo alilia kwa hasira, nilipenda ile hasira, ilikuwa ya mama yake. Baadaye akalia kidogo. Baadaye alifungua kinywa tu.

Nilimuchukia Viateur, nasema wazi. Nilimushika mukono nje ya jiko.

"Sema mia. Neno moja. Nani atakuua?"

"Mama Epiphanie, Bwana iko na termometre yake. Anafika bila kusema, anaingiza ndani ya sufuria mbele yangu. Kule nilitoka, infirmie mumoja alisema uongo, wakamufunga. Miye niko na watoto."

"Na huyu si mutoto?"

Alikuwa na macho mekundu, na hiyo iliniudhi zaidi, maana muntu akitaka kuwa mubaya afadhali awe mubaya kamili. Nilijaribu kumunywesha Semana maziwa kwa kitambaa, kisirisiri. Viateur alinikuta, hakunisema, lakini toka siku ile chumba cha mutoto kilifungwa, na ufunguo ulikaa shingoni mwake pamoja na rozari.

Ng'ambo kule nako mambo yalikuwa mazuri vile vile. Jirani ya Mama Rosalie, Nzabandora, alisikia kwamba maziwa ya Gaju yanapikwa. Akatenga ng'ombe zake. Gaju akaanza kula peke yake pembeni, na watu waliokuwa wakimusalimia Mama Rosalie kwa heshima wakaanza kumusalimia wakitembea. Yeye hakuniambia, ni wengine waliniambia. Nikamuuliza kwa nini asiache, kwa sababu maziwa yenyewe yanamwagwa kila siku.

"Labda kesho itafika mia," akasema.

Viateur aliandika shida kwa wakubwa, na Bwana Sanitere akafikiri. Alifikiri kwa nguvu, naweza kukuambia, maana jibu lake lilikuwa hili: kuni za Masisi ni zaifu. Kwa hiyo Viateur ashuke Walikale, kwenye pori kubwa, apeleke termometre na sufuria, apime moto wa kuni za huko.

Viateur akashuka na kamio ya shamba la kahawa, iliyoendeshwa na Hakorimana, muntu wa maneno mengi. Unashuka, unashuka, baridi inabaki nyuma, miti inakuwa mirefu mpaka mchana unasahau kuingia. Kule Viateur akawasha moto, akachemsha, akasoma: tisaini na saba na kitu. Hakorimana alinisimulia kwamba Viateur alilia machozi pale barabarani, na watu wa Walikale wakamupa ndizi wakifikiri amefiwa.

Basi habari ikawa imethibitika kwa sayansi. Kuni za Walikale zina nguvu. Bwana akatoa amri, na ile kamio ikapanda milima yote ile, ikinguruma, ikikwama kwa matope, imejaa kuni. Petroli ilikosekana kwa kuleta hata mufuko wa chumvi, lakini kwa kuni ilipatikana. Sisi wenye kuishi kati ya miti tuliletewa miti. Watu walisimama kando ya barabara wakitazama, hakuna aliyecheka, kwa sababu kucheka nako kungeweza kuwa na sirkilere yake.

Na Bwana Sanitere akaja mwenyewe, kuona ushindi wake.

Akaamuru moto uwashwe nje, uwanjani, ili wote tuone. Kuni za Walikale zikapangwa vizuri. Mpishi wake akashuka kwa jipu na birika, akaiweka upande wa moto ule ule, maana Bwana alikunywa chai kila mahali alipofika, hata ungemukuta kaburini. Mama Rosalie alikuwa ameleta maziwa. Alikuwa amekonda kuliko Gaju, na hakutazama ukuta tena, alitazama sufuria.

Maziwa yakapanda. Bwana akaingiza termometre yake mwenyewe, ile ya kuaminika, kutoka sanduku la ngozi. Akangoja. Akaitoa, akaitikisa, akairudisha.

"Ngapi, Bwana?" Viateur akauliza, ingawa alikuwa anaona.

Bwana alikuwa amekuwa mwekundu mpaka chini ya kofia.

"Tisaini na mbili," akasema. Halafu akamutazama Mama Rosalie. "Hii maziwa iko muvivu. Ngombe iko mubaya. Mwaga."

Viateur akainama kuchukua sufuria. Ndani ya chumba kile kilichofungwa hakukutoka sauti yoyote. Hiyo njo iliyonitia hofu. Siku mbili nyuma ungesikia angalau mukwaruzo wa mutoto, na mimi nikawaza kwamba tunapika maziwa ya maiti.

"Ngoja, Papa Viateur," Mama Rosalie akasema.

Hakupaza sauti. Akasogea, akachukua termometre kwenye mukono wa Bwana, kama vile unavyomunyang'anya mutoto kisu, bila kuvuta. Akaipangusa kwa nguo yake. Birika ya Bwana ilikuwa inachemka, kifuniko kinacheza, muvuke unatoka kwa mudomo. Akafungua kifuniko, akaingiza termometre ndani, akangoja kama alivyoona Viateur anangoja kila asubuhi. Halafu akamupa Viateur, kwa sababu yeye hakujua kusoma.

"Soma, Papa."

Viateur alisoma. Midomo yake ilitembea bila sauti.

"Soma wote wasikie."

"Tisaini na mbili," Viateur akasema.

Mama Rosalie akashika birika kwa pindo la nguo. Akaenda pale mulangoni, penye majani yaliyonenepa, akamwaga maji ya chai ya Bwana, polepole, mpaka tone la mwisho, na akaitikisa kidogo kama Viateur alivyozoea kutikisa sufuria yetu. Akarudi akaiweka chini mbele ya viatu vya Bwana.

"Bwana asigonjwe," akasema. "Ni sheria."

Mimi nimeona mambo. Nimeona vita ikipita, nimeona mulima ukiwaka usiku mpaka kuku wanatoka kula. Lakini jambo kama lile la uwanjani sijaliona tena. Kwa kosa dogo kuliko hilo watu walifungwa Masisi wakavunja mawe ya barabara. Hakorimana alikuwa ameshika usukani wa kamio ingawa kamio haikuwa inawaka. Nilimutazama Mama Rosalie nikaona amekwisha kuikubali hiyo jela, ameivaa tayari.

Bwana Sanitere alitazama birika tupu. Nafikiri alikuwa anahesabu chai zake zote, miaka yote aliyokaa kwenye milima yetu, asubuhi na jioni, na hakuna hata moja iliyofika mia. Muntu wa usafi. Alitazama maziwa, akatazama milima, akatazama kuni zake za Walikale zikiwaka bure kwa furaha. Akainua termometre akaiweka machoni. Halafu akaipiga kwa jiwe la mafiga, ikavunjika, na ile zebaki ikakimbilia majivuni.

"Termometre imeharibika," akasema. "Viateur, na yako imeharibika."

Viateur alikuwa muntu wa kusoma, kwa hiyo alichelewa kuelewa. Nilimukanyaga mguu. Akatoa yake mufukoni, akaiangalia kwa huruma, akaivunja pale pale.

"Mpaka mupya itoke Ulaya," Bwana akasema, "mutapima kwa macho. Ikipanda, inatosha."

Akaingia kwa jipu bila chai. Sheria haikubadilika, musifikiri. Sheria ilibaki ukutani, degre mia, imepigwa mashini vizuri, mpaka panya wakaila. Na zile termometre mpya tunazingojea hata leo.

Viateur alivua ufunguo shingoni kabla vumbi la jipu halijatua. Semana alikuwa hai. Nilimutia maziwa tone kwa tone, na mara ya kwanza yalitoka pembeni ya kinywa. Mara ya pili pia. Nilimutukana mutoto yule, Mungu anisamehe, nikamuambia kwamba mama yake hakuwa muvivu hivyo, na akameza. Mama Rosalie alikuwa amekaa chini kwa sakafu, nguo imefunika uso. Viateur alisimama na kijiko mukononi, hajui akipeleke wapi.

Alifika kilo tatu wakati barabara ya Sake ilikuwa imeanza kupitika tena. Siku chache kabla hajatoka, Gaju akakauka. Hakupunguza pole pole. Asubuhi moja Mama Rosalie alikaa chini yake akakamua, na hakukutoka kitu.

Habari ilivuka bonde mbio. Nzabandora alitembea vilima vyote akisema si niliwaambia. Viateur, ambaye siku zile alikuwa amepata ushujaa, alimungojea Mama Rosalie mulangoni siku ya kumuchukua mutoto, amueleze kwa sayansi.

"Mama, ngombe haiwezi kujua kama maziwa yake imepikwa. Ile Gaju iko muzee, na majani iko kidogo mwezi huu, na ilikuwa inakula peke yake. Hii kitu ya zamani musiiamini."

"Ndiyo, Papa Viateur," Mama Rosalie akasema. "Aksanti kwa mutoto."

Nilimusindikiza mpaka kwenye mutelemko wa bonde. Mimi nilikuwa na maneno mengi, nilitaka kumuambia kwamba Viateur anasema kweli, kwamba si kosa lake, kwamba Bwana na sirkilere yake na akina Nzabandora na mwiko wao ni wamoja. Alinikata.

"Nilijua itakauka," akasema. "Nilijua tangu ile asubuhi ya kwanza, nikiwa mulangoni kwako. Shika mutoto kidogo, nifunge nguo vizuri."

Nikamushika. Alikuwa muzito.